Watakaozuia Ni Wengine, Watakaoangukiwa Ni Sisi



Kati ya majibu ya uvivu yanayosikika katika mazungumzo yetu, liko moja ambalo siku hizi limeanza kuvaa mavazi ya elimu. Ukitaja asteroidi, yaani yale mawe makubwa yanayozunguka Jua na ambayo siku moja yaweza kuigonga dunia, kijana aliyesoma atakujibu: “Wamarekani wamekwisha kupata dawa yake. Walilipiga jiwe moja kwa chombo, likabadili mwendo.” Kijana ambaye hakusoma sana atajibu: “Mungu ndiye anayejua.” Majibu hayo mawili yanaonekana kupingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana yote mawili huishia kwenye kukunja mikono. Nakusudia kuyapinga yote mawili. Nitaanza na lile la msomi, kwa sababu lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hudanganya kuliko uongo mtupu.

Nusu hiyo tuitambue kwa haki. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo kilichoitwa DART, cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiligonga kwa makusudi jiwe liitwalo Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi, ambalo hulizunguka jiwe jingine kubwa zaidi liitwalo Didymos. Chombo kilikuwa na uzito wa kilo zisizofika 600, nacho kilikwenda zaidi ya kilomita 6 kwa kila sekunde. Kabla ya pigo, Dimorphos lilimaliza mzunguko wake kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya pigo, muda huo ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Haikuwahi kutokea tangu kuumbwa kwa ulimwengu kwamba mkono wa binadamu uhamishe njia ya kitu cha mbinguni. Anayeidharau kazi hiyo hajui anachokidharau.

Lakini yatazameni masharti yake. Jiwe lilikuwa limejulikana miaka mingi kabla. Halikuwa likija kwetu. Chombo kiligharimu dola zaidi ya milioni 300, kikaundwa kwa miaka, kikasafiri miezi kumi. Kuzuia kunataka muda, na sababu yake kila mtoto wa Moba anaweza kuielewa. Nahodha anayetoka hapa kwenda Kalemie akigeuza usukani kidogo tu angali bandarini, atajikuta mbali kabisa na Kalemie. Akiugeuza kwa kiasi hichohicho wakati tayari anaziona nyumba za Kalemie, atatua palepale. Jiwe likisukumwa miaka kumi mapema, msukumo mdogo hutosha. Likisukumwa juma moja kabla, ni bure.

Basi swali ni hili: je, tunayaona mawe mapema? Yale makubwa yenye upana wa kilomita moja na zaidi, karibu yote yamekwisha kuonekana, na wataalamu wanasema hakuna hata moja linalotuelekea katika miaka mia ijayo. Tumshukuru Mungu, tuwashukuru pia wakesha-usiku wa darubini. Yale yenye upana wa mita 140 na zaidi, hata nusu yake haijaonekana. Na yale ya mita 20 au 30, ambayo ni mengi kupita kiasi na ndiyo yanayoanguka mara nyingi zaidi, karibu yote hayajulikani. Kwa hayo hakuna chombo kitakachorushwa. Yatakuja jinsi lilivyokuja lile la Chelyabinsk.

Kisa hiki nataka mkijue vizuri. Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, jiwe lenye upana wa mita 20 hivi liliingia katika anga ya Urusi, juu ya mji wa Chelyabinsk. Hakuna aliyelitangaza. Lilitoka upande wa Jua, ambako darubini za duniani hazioni, kama vile mvuvi asivyouona mtumbwi unaomjia kutoka upande wa jua linapochomoza. Lilipasuka likiwa kilomita 30 hivi juu ya ardhi, kwa nguvu iliyopita mara nyingi ile ya bomu la Hiroshima. Mwanga wake ulilishinda jua. Watu wakafanya lile ambalo wewe nami tungelifanya: walikimbilia madirishani kutazama. Sasa, mwanga hufika papo hapo, na mshindo huja nyuma yake, kama umeme na ngurumo wakati wa masika. Kwa kuwa mpasuko ulitokea mbali, mshindo ulichelewa dakika mbili na zaidi. Ulipofika ulivunja vioo vya maelfu ya majengo, vikawarukia usoni wale waliokuwa wakishangaa. Watu wapatao 1500 walitafuta matibabu, wengi kwa majeraha ya vioo. Hakuna aliyekufa.

Siku hiyo, nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kurusha chombo angani, mwaka 1957, haikuzuia chochote. Marekani nayo haikuzuia chochote. Katika mji ule, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliuona mwanga, na bila kujua ni kitu gani aliwaamuru watoto 44 wa darasa lake wajifiche chini ya madawati. Yeye mwenyewe alibaki amesimama. Mshindo ukaja, vioo vikamkata mkono; watoto wake hawakupata hata mkwaruzo. Sisi tuliosomea ualimu tungepaswa kusimuliwa kisa hicho siku ile ile tunayopewa diploma. Hakuwa na darubini, hakuwa na roketi, hakuwa na bajeti. Alikuwa na amri moja aliyoikumbuka kwa wakati wake.

Msiseme hayo ni mambo ya Warusi. Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, mawe yalinyesha juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mengine yalitoboa mapaa. Kipande kidogo cha gramu 3 na ushei kiligonga jani la mgomba, kikampiga mvulana kichwani bila kumdhuru; lile jani lilimfanyia kazi ya kofia. Lililosikitisha ni yaliyofuata: wapo waliosaga mawe hayo wakayala, wakiamini kuwa ni dawa ya Ukimwi iliyoshushwa na Mungu. Jiwe halikumuumiza mtu, lakini ujinga ulikuwa tayari unafanya kazi yake kabla vumbi halijatulia.

Na hata kwetu. Yapata kilomita 400 kusini-magharibi mwa Moba, juu ya nyanda za Kundelungu, katika Katanga ile ambayo sisi sote tulikuwa sehemu yake hadi mwaka 2015, kuna bonde la duara liitwalo Luizi, lenye upana wa kilomita 17 hivi. Mwaka 2011 wanajiolojia, wakiwemo Wakongomani, walitangaza kwa ushahidi wa miamba yenyewe kwamba bonde hilo lilichimbwa na jiwe lililotoka mbinguni katika zama za kale sana, kabla binadamu hajakuwapo. Lilikuwa la kwanza kuthibitishwa katika Afrika ya Kati. Vijana wetu huweza kutaja kreta za Mwezi kutoka kwenye simu zao. Kreta ya nyumbani ni wachache waliowahi hata kusikia jina lake.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni ule wa Sudan. Tarehe 6 Oktoba 2008, darubini moja ya Arizona, Marekani, iliona jiwe dogo lenye upana wa mita 4 hivi. Wataalamu wakapiga hesabu, wakasema: kesho alfajiri litaingia juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Ikawa hivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza jiwe la mbinguni kutabiriwa kabla ya kuanguka. Mwezi Desemba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walitembea jangwani wakiwa wamejipanga mstari, wakaokota vipande vyake, navyo vikapewa jina la kituo cha reli kilichokuwa karibu: Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita. (Ndiyo, ni sita ile ile yetu; sisi na Waarabu tumeigawana.)

Kati ya kuonekana na kuanguka zilipita saa 20 hivi. Saa 20 hazitoshi kurusha kitu chochote kiende kukutana na jiwe. Zinatosha kuhamisha kijiji, ila tu kama habari imefika kijijini. Hapo ndipo msomi wangu ninapomtaka anijibu. Habari ingetoka Arizona hadi Kinshasa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kutoka Kinshasa hadi Kalemie, tuseme, kwa saa chache. Kutoka Kalemie hadi Moba-Bandari na Kirungu, labda. Na kutoka hapo hadi vijiji vya juu ya Marungu, ambako simu haishiki na barabara hukatika masika? Nani angekwenda? Angepanda nini? Angesema nini, na nani angemwamini?

Hapa tusijidanganye kwa kuwa tumeshaona mtihani wa namna hiyo. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka juu ya Goma bila mji kuonywa. Miezi kadhaa kabla, kituo cha kuuchunguza mlima huo kilikuwa kimekosa hata fedha za intaneti ya kupokelea habari za mitambo yake. Siku tano baadaye ikaja amri ya kuhama, na mamia ya maelfu ya watu wakamiminika kwa wakati mmoja kuelekea Sake na kuelekea Rwanda. Watoto walipoteana na wazazi wao njiani. Hakuna mtu mwenye akili aliyetazamia kwamba volkano ingezuiwa. Kilichokosekana ni matayarisho, na upungufu huo haukuwa mapenzi ya Mungu. Ulikuwa kazi isiyofanywa na watu wenye majina na vyeo.

Neno hilo lanifikisha kwenye jibu la pili. Katika jumuiya zetu wapo wanaosema kwamba Mungu alimwahidi Nuhu kutoiangamiza dunia tena, basi mawe ya mbinguni hayatuhusu. Ahadi ile naiamini. Lakini haikusema kwamba hakuna mji utakaopatwa, wala Nuhu mwenyewe hakuokoka kwa kukaa kitako, alishika shoka. Yosefu kule Misri hakuomba njaa izuiwe. Aliijua itakuja, akajenga maghala miaka saba, akawalisha hata ndugu zake waliomuuza. Na wale wanaosema kuwa jiwe likiwaangukia watu ni kwa sababu ya dhambi zao, wakasome upya aliyoyasema Bwana juu ya watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Kanisa lenyewe lina kituo chake cha kuchunguza nyota, kinachoendeshwa na Wajesuiti, nacho kimehifadhi mkusanyo mkubwa wa vimondo huko Castel Gandolfo. Kama kutazama juu na kupiga hesabu kungekuwa utovu wa imani, Roma ingekuwa imeshajua.

Liko jambo jingine ambalo wapenzi wa kuzuia hawalisemi, nami naona ndilo zito kuliko yote. Mwishoni mwa mwaka 2024 liligunduliwa jiwe lililopewa jina 2024 YR4, lenye upana wa mita 40 hadi 90 kwa makadirio ya wakati ule. Mwezi Februari 2025 wataalamu walisema kulikuwa na uwezekano wa zaidi ya asilimia 3 kwamba lingeigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Baadaye hesabu zilisahihishwa, na dunia ikawa salama. Lakini katika majuma yale ramani ilichorwa ikionyesha mstari wa mahali ambapo jiwe lingeweza kuanguka: kutoka Bahari ya Pasifiki, kupitia kaskazini mwa Amerika ya Kusini, Atlantiki, Afrika, Bahari ya Arabu, hadi Asia ya Kusini. Tazameni nchi zilizokuwa juu ya mstari huo, kisha tazameni nchi zenye roketi. Ukiiacha India, ni orodha mbili tofauti.

Na sasa fikirini. Jiwe likisukumwa, pale litakapoangukia huhama juu ya mstari huo hatua kwa hatua, mpaka litoke kabisa nje ya dunia. Msukumo ukiwa pungufu, haliondoki. Linahama kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa jirani mwingine. Nani atachagua upande wa kusukuma? Tangu mwaka 2014 kuna vikundi viwili vya kimataifa, vilivyoundwa kwa mapendekezo ya Umoja wa Mataifa, kimoja cha kutoa maonyo na kingine cha kupanga safari za angani. Vinashauri, havina mamlaka ya kuamuru. Usukani utakuwa mikononi mwa mwenye chombo. Sisemi kwamba wenye vyombo ni watu wabaya. Nasema kwamba abiria ambaye hata hajui mtumbwi unaelekea wapi hawezi kumuuliza nahodha swali, na nchi ambayo haijawahi kuwaza juu ya jambo hilo itapokea uamuzi kwa redio, kama sisi tunavyozoea kupokea maamuzi.

Najua pingamizi lililobaki, na hilo nalipa heshima kubwa kuliko yale mawili ya mwanzo. Mama wa Moba ataniambia: “Mwalimu, mtoto wangu ana malaria, shamba limeharibika, jirani zangu ni wakimbizi wa vita, nawe unanihubiria mawe ya mbinguni?” Ana haki. Uwezekano wa jiwe kuangukia Moba katika maisha yetu ni mdogo mno, na kama mtu angependekeza wilaya yetu ichangishe fedha za darubini, ningekuwa wa kwanza kusimama kumpinga. Lakini ninayoyaomba hayana hata senti moja iliyo ya asteroidi peke yake. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka chini ya ziwa letu kwa ukubwa wa 6.8, nyumba zikaanguka Kalemie. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia majumbani, kutoka Bujumbura na Uvira hadi kwetu. Wapo wanaosema suluhisho ni kuuchimbua mto Lukuga, mlango pekee ambao ziwa hutokea. Huenda, ni kweli kwamba katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na ulipofunguka ziwa lilishuka mita nyingi. Hiyo ni kazi ya Serikali, na tuidai kwa sauti. Wakati tunaidai, bibi kizee wa kando ya ziwa atabebwa na nani usiku ule maji yanapoingia? Yule atakayembeba kwa ajili ya maji ndiye atakayembeba kwa ajili ya jiwe.

Kila kundi la vijana katika parokia, tangu Moba-Bandari hadi Kirungu na Mpala, laweza kufanya haya kabla ya masika yajayo. Liandike, jumuiya kwa jumuiya, majina ya wazee, walemavu na wagonjwa wasioweza kutembea, na karibu na kila jina liandike majina ya vijana wawili watakaomwendea. Likubaliane na padri na machifu juu ya mlio wa kengele usiofanana na ule wa Misa wala wa msiba, na kila mtoto aujue. Lichague ni nani mwenye pikipiki au baiskeli atakayepeleka habari mahali simu isikoshika, na njia gani ataishika daraja likikatika. Lichague pia mtu mmoja au wawili ambao neno lao litaaminika, maana hatari ikija uvumi hupita mbio kuliko pikipiki. Na shuleni, walimu wafundishe lile somo la dakika tano: ukiona mwanga mkali usio wa kawaida angani, usiende dirishani, lala chini, funika kichwa, ungoje mshindo upite. Mambo hayo hayahitaji mfadhili. Nasisitiza neno hilo kwa sababu tumeshakuwa na ugonjwa wa kungoja mfadhili hata kwa kununua daftari.

Mtihani wenyewe una tarehe. Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 2029, katika juma la pili la Pasaka, jiwe liitwalo Apophis, lenye upana wa mita zaidi ya 300, litapita kilomita 32,000 hivi kutoka juu ya ardhi, karibu kuliko baadhi ya setilaiti zetu. Halitatugonga; hesabu zimekwisha kuhakikishwa. Litaonekana kwa macho matupu Ulaya na Afrika, likienda kama nyota inayotembea, na kwa saa ya Moba litakuwa karibu zaidi muda mfupi kabla ya usiku wa manane. Mtasikia mengi juma lile. Wapo watakaouza maombi, wapo watakaouza dawa, wapo watakaotangaza mwisho wa dunia na kuwaambia watu waache mashamba. Napendekeza usiku huo kila kundi lijaribu mpango wake wote: kengele ipigwe, pikipiki zitoke, wazee wote walioandikwa waitwe kwa majina yao na kuletwa uwanjani, kisha tutazame juu pamoja nao. Kabla ya hapo, kila kiongozi wa kundi anijibu swali moja dogo ambalo mpaka sasa sijapata jibu lake katika vituo vingi nilivyopita: saa nane za usiku, ufunguo wa mnara wa kengele uko kwa nani?